Kura ya Kibanda Namba Saba

Mwenyekiti Ukita aliteremka ngazi za soko la Marue saa nne asubuhi, mkononi boksi la keki lililofungwa kwa karatasi ya duka kubwa la mtaa wa Namba. Karatasi ile watu wa Osaka huitambua kwa mbali, wakajiuliza ni nani anayeombwa radhi au ni nani anayeshukuriwa. Akakipita kibanda cha waya, akavipita viwili vilivyokwisha kufungwa, akasimama mbele ya kibanda namba saba, cha vipuri vya redio. Sumie Kajitani alikuwa na mteja, lakini Ukita hakungoja.

"Mama Kajitani, pole na kazi," alisema, akiliweka boksi juu ya kaunta kwa mikono miwili. "Ni kitu kidogo tu. Mfikishie mzee. Mwambie chama kizima kinamshukuru."

"Kinamshukuru kwa lipi?"

"Ah, wewe nawe. Kwa muhuri wake, basi. Walikuwa watano kati ya tisa, naye katimiza wa sita, theluthi mbili inayotakiwa na katiba. Tarehe ishirini tunapiga kura, soko linauzwa, kila mtu anapata chake anapumzika." Akamtazama vizuri, tabasamu likamlegea. "Kwani hakukwambia?"

"Ameniambia," Sumie akadanganya.

"Nilijua tu. Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, mimi nisije nikachoma nyumba ya watu bure." Akacheka, akainamisha kichwa, akapanda ngazi kurudi juu kwenye duka lake la wanasesere wa plastiki. Zamani naye alikuwa akiuza transista hapo hapo chini, hatua nane kutoka kwa Sumie.

Mteja, dereva wa tramu aliyestaafu, jina lake Nishiwaki, alikuwa akiangalia viatu vyake. Kila mwaka mzee huyu hujiundia redio moja, akaisikiliza mpaka Disemba, kisha akaibomoa.

"Kwa hiyo mnafunga?" aliuliza.

"Nani kasema?"

"Hakuna, hakuna. Ila nilitaka kumuuliza mzee juu ya hii kapasita. Atarudi lini?"

"Niulize mimi."

"Ni jambo la kiufundi kidogo, mama."

Sumie aliuvuta mchoro wake, akaugeuza, akaweka ukucha mahali pamoja. "Hii umeielekeza kinyume. Ukiwasha hivi itapasuka kabla hujakaa. Na hii ni ndogo mno, chukua ya volti hamsini." Alifungua droo moja bila kutazama kibandiko, miongoni mwa droo elfu moja na mia mbili, akatoa vipande viwili. Nishiwaki akatazama mchoro, akatazama vipande, akalipa yeni themanini.

"Mwambie mzee asante," alisema akiondoka.

* * *

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Sumiyoshi, nyembamba, ya ghorofa mbili, karibu sana na reli ya tramu kiasi kwamba vikombe vilitetema kabatini. Jioni hiyo binti yao Manami alikuwa amekuja kutoka Sakai, jambo asilolifanya siku za kazi. Sumie alipoviona viatu vyake mlangoni alielewa kuwa hata huyu alijua.

Yoshinobu, mumewe, alikuwa ameketi mbele ya televisheni, sauti juu, besiboli ikiendelea. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tangu mwaka juzi hakushuka tena dukani. Alisema magoti yamekataa.

"Baba Manami, mwenyekiti ameleta keki."

"Weka pale."

"Nimeweka. Sasa niambie naila kwa sherehe gani."

Yoshinobu aliendelea kutazama mpira. Manami ndiye aliyezima televisheni. "Mama, usimkasirikie Baba. Mimi ndiye niliyemwambia agonge muhuri. Kampuni inayonunua inatoa milioni saba kwa kila hisa. Wanataka kuweka zile mashine, unatumbukiza sarafu unapata kidude cha plastiki. Pensheni yenu haitoshi, paa linavuja, na wewe una miaka sitini na mitatu, unasimama kwenye saruji tangu asubuhi mpaka jioni."

"Nani alikwambia miguu inaniuma?"

"Jumanne uliuza kiasi gani?"

Sumie aliweka mabakuli mezani. "Elfu tatu na mia nane."

"Na umeme wa kibanda, na ada ya chama?"

Sumie akapakua wali, wakaanza kula. Manami akatoa simu, akamwonyesha, si kwa kejeli, kwa uchungu hasa. "Tazama hapa. Rezista mia moja, yeni mia na ishirini, mpaka mlangoni kwako. Wewe moja unauza kumi."

"Zinafika lini?"

"Wiki mbili."

"Na mtu akikosea mchoro, simu inamwambia amekosea?"

"Hakuna anayeuliza siku hizi, Mama. Wanatazama video."

"Leo kuna mtu ameuliza."

"Mmoja," alisema Manami.

Hapo Yoshinobu akaweka vijiti vya kulia chini. "Nimechoka na maneno. Kibanda ni changu, nimeamua."

"Kibanda ni chako," Sumie alirudia polepole, kama mtu anayesoma kibandiko kilichofifia. "Miaka thelathini na minane nimesimama kwenye kibanda chako. Huyu nilimnyonyesha mle ndani, gazeti la michoro ya redio mkono wa pili. Na ni chako."

"Daftari la chama lina jina langu. Sikuliandika mimi, lilikuwa hivyo tangu marehemu baba."

"Ni kweli."

Aliinuka akaosha vyombo. Yoshinobu alizijua kelele za mkewe. Kila mtu mtaani alizijua, na alikuwa amejiandaa kuzipokea. Kimya chake hakukijua. Alilala akiwa ameupa mlango mgongo, akisikiliza maji yakichuruzika jikoni.

* * *

Kulikuwa na jambo moja ambalo Ukita alilisahau. Katiba ya chama cha soko la Marue iliandikwa upya miaka ishirini iliyopita, na aliyeinakili nakala tisa kwa mkono, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na hakulipwa, ni Sumie. Kipengele cha kumi na nne kilikuwa kichwani mwake neno kwa neno: mwanachama anaweza kumkabidhi hisa yake mwenzi anayefanya kazi kibandani, kwa barua yenye muhuri, kabla mkutano haujafunguliwa. Na ahadi iliyogongwa muhuri haikuwa kura. Kura hupigwa na mwenye hisa aliyekaa kitini.

Barua ya kukabidhi hisa aliiandika dukani, kati ya mteja mmoja na mwingine, na nafasi ilikuwa tele. Karatasi ya pili aliifuata ofisi ya wilaya. Pale dirishani kijana mmoja mwenye tai alimtazama, akateremsha sauti.

"Fomu ya talaka, mama? Kuna mtu anakupiga? Tuna chumba cha mazungumzo hapo nyuma."

"Hapana, mwanangu. Kuna mtu anauza."

Kijana hakuelewa, lakini alimpa fomu, na juu yake kijitabu cha ushauri kwa wazee. Sumie alikirudisha kijitabu. Alijaza upande wake kwa wino mweusi, akagonga muhuri wake, akaacha upande wa mume wazi. Alisita mahali pamoja tu, kwenye tarehe ya ndoa, ambayo ilimbidi aifikirie.

* * *

Asubuhi ya tarehe ishirini aliziweka karatasi zote mbili kando ya bakuli la supu ya miso, na juu yake muhuri wa Kajitani na kidau cha wino mwekundu.

"Nini hizi?" aliuliza Yoshinobu.

"Soma."

Aliichukua ya kwanza akaipeleka karibu na taa. Akaisogeza mbali. Akaigeuza ubavu. Sumie, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu alfajiri, akamwona anavyokunja uso, akakumbuka kuwa hata maandishi ya kwenye dawa humpa yeye asome, na kuwa hupenda televisheni yenye sauti kubwa kuliko picha.

"Miwani yangu iko wapi?" aliuliza Yoshinobu.

"Umeivaa."

Tramu ilipita. Vikombe vikatetema, vikatulia.

"Tangu lini?" aliuliza Sumie.

"Mwaka juzi."

"Na magoti?"

"Magoti ni mazima." Akaiweka karatasi chini, akaongea na bakuli. "Alikuja kijana mmoja wa ofisini, akataka rezista. Unazijua zile pete zake, rangi ndiyo namba. Mimi nyekundu na kahawia sasa naona kitu kimoja. Nikampa isiyo yake, akachoma kifaa alichokitengeneza miezi mitatu. Akarudi. Hakunitukana, ningeshukuru angenitukana. Alicheka, akanisomea alichoandika kwenye mtandao: mzee wa namba saba ni kipofu, msinunue kwake. Watu mia nne walikuwa wamecheka naye."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba muuza rezista haoni rezista? Nikaona bora soko lifungwe lote, pasiwe na mtu wa kuuliza kwa nini Kajitani haji."

Sumie aliketi. Hasira yake ilikuwa haijaondoka, ila sasa ilikuwa na mwenzake, huruma, na zilikuwa zikigombania nafasi moja kifuani. Kwa mumewe wakati huo karatasi ya kushoto na ya kulia zilikuwa karatasi tu. Angeweza kumwambia lolote. Lilimpitia, akaliona likipita, akaliacha liende.

"Nitakusomea," alisema. "Ya kwanza ni barua ya kukabidhi hisa. Inasema wewe, Yoshinobu, unanipa mimi hisa ya kibanda namba saba na kura yake kuanzia leo." Akaisoma yote mpaka anwani. "Ya pili ni talaka." Akaisoma nayo yote, kwa sauti ile ile.

Yoshinobu alisogeza bakuli la supu kando.

"Hiyo ya pili umeshagonga wako?"

"Nimeshagonga."

"Ungeweza kunidanganya, ukaniambia zote ni za hisa."

"Ningeweza."

"Ukipata hisa utapiga kura gani?"

"Unajua."

"Milioni saba, Sumie. Tutakula nini?"

"Tulichokula jana. Na huo ni mtoto wa jicho, Baba Manami, shangazi yako alikuwa nao. Unapasuliwa siku moja, bima inalipa sehemu kubwa. Ungesema mwaka juzi, leo ungekuwa unajisomea mwenyewe."

Alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Kisha akaupapasa muhuri, akauchovya kwenye wino. "Niwekee kidole pa kugonga."

Sumie alimshika kidole akakiweka. Yoshinobu alibonyeza kwa nguvu, kwa uzito wa bega lote.

"Nimegonga ipi?"

"Ya hisa."

"Najua. Nilitaka kukusikia ukisema." Akafuta mikono. "Hiyo nyingine ichane."

"Nitaiweka."

"Ya nini tena?"

"Karatasi haili wali," alisema Sumie, akaikunja mara nne akaitia kwenye mkoba wake.

* * *

Mkutano ulifanyika kwenye chumba kilicho juu ya mgahawa wa tambi, viti tisa kuzunguka meza, na kwenye kona meza ndogo yenye birika na vikombe. Mtu wa kampuni alikuwa amekwishafika, suti nyeusi, akiinamia kila aliyeingia. Kwa Sumie aliinama kidogo tu, labda akimchukulia kuwa mke wa mtu, na ndivyo alivyokuwa.

"Mama Kajitani, umewahi vizuri," alisema Ukita. "Majani ya chai yapo kwenye kopo. Mzee anapanda?"

"Mzee hapandi." Akamkabidhi barua, akavuta kiti cha saba, akakaa.

Ukita alisoma, akarudia. Kubota, aliyeuza nyaya na vishikio vya betri kibanda namba tatu, akachungulia juu ya bega lake. "Ni nini? Mzee amemtuma?"

"Hajanituma," alisema Sumie. "Amenikabidhi."

"Hili halijawahi kutokea," alisema Ukita.

"Kipengele cha kumi na nne."

"Wewe umekijuaje?"

"Fungua katiba yako, mwenyekiti. Mwandiko huo ni wa nani?"

Mzee Hirabayashi wa transfoma, mwenye miaka themanini, alicheka peke yake mpaka akakohoa. Mtu wa kampuni alitazama saa.

Ukita hakuwa mtu mbaya, na hata aliyoyasema baadaye yalikuwa ya kweli. "Mama Kajitani, sikiliza. Mimi niliuza transista miaka ishirini. Mwaka wangu wa mwisho kulikuwa na siku nilifungua na kufunga bila kumwona mtu. Nikameza kiburi changu, nikaanza kuuza wanasesere. Watu walinicheka. Nimesomesha watoto wawili chuo kikuu kwa wanasesere wale. Sasa wewe unang'ang'ania nini? Droo za vumbi?"

"Droo zangu hazina vumbi," alisema Sumie. "Na mimi sikukucheka. Nilikununulia hata mmoja, wa Manami."

"Basi jibu swali."

Alikuwa amejiandaa na maneno mengi juu ya kazi na juu ya vijana, lakini yalipofika mdomoni hakuyaona yana uzito. "Anayetaka kwenda aende. Hisa yake auze, sitamzuia. Lakini hii sakafu niliyosimama miaka thelathini na minane, ilikuwa iuzwe mimi nikiwa nimepewa keki tu. Mngekuja kuniuliza, huenda ningesema ndiyo. Hamkuniuliza kwa sababu sikuwa kwenye daftari. Leo nimo, na nasema hapana."

"Mke wangu anasafishwa figo mara tatu kwa wiki," alisema Kubota. Hakupaza sauti. "Ile milioni saba nilishaipangia, Mama Kajitani. Unajua hilo?"

Hakuwa akijua. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alitamani angekuwa kwenye kona, na birika. "Sikujua," alisema. "Pole, Kubota. Nitakuja kumwona."

"Usije."

Ukita akaita mikono. Ikanyooshwa mitano. Akaihesabu, akangoja, kana kwamba wa sita ungeota mahali. Mkono wa Sumie ulikuwa juu ya meza, kiganja chini, vidole vyenye makovu madogo ya risasi ya kulehemu. Watatu wengine walikaa kama yeye. Mtu wa kampuni akafunga mkoba wake, akainama, akaondoka. Chai hakuna aliyeimimina.

"Umechelewesha tu," Ukita alimwambia ngazini. "Mwaka kesho nitaitisha tena. Hirabayashi hatakuwepo milele, na Kubota atamtafuta mtu wa kumwuzia."

"Itisha. Nitakuja mapema."

* * *

Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya kazi. Kubota alikuwa ameshashusha mlango wake wa bati, na alipomwona Sumie akipita aligeuza uso. Hilo lilimwuma na hakujifanya halikumwuma. Alifungua kibanda namba saba, akawasha taa, akapangusa kaunta ambayo haikuhitaji kupanguswa.

Kwenye faksi kulikuwa na karatasi kutoka kwa muuzaji wa jumla. Kiwanda cha zile swichi ndogo za kupindua, zenye shingo ya chuma, kinaacha kuzitengeneza. Anayetaka aagize mara ya mwisho, si chini ya elfu tano. Sumie aliuza swichi hizo mia tano kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri. Alikaa na karatasi ile kwa muda. Kisha akapiga simu.

"Elfu tano?" alisema yule kijana wa upande wa pili, jina lake Tamura. "Mama, samahani, nikuulize tu. Wenzako wote wananipigia kuniambia wanafunga. Hizo ni yeni laki mbili, na hazirudishwi."

"Laki mbili ninazo. Ni zangu, za posta."

"Zitakukalia miaka kumi."

"Nitakuwa na miaka sabini na mitatu. Hirabayashi ana themanini na bado anabeba transfoma."

Tamura alicheka, akasikika akitafuta kalamu. "Basi niandike Kajitani Yoshinobu, kama kawaida?"

"Kajitani Sumie. Andika vizuri, ankara ije kwa jina hilo."

"Nimeandika. Lakini mama, naomba tuelewane mapema, usije ukanilaumu. Hizi zikiisha hapo kwako, hakuna nyingine popote."

"Basi watajua pa kuzifuata," alisema Sumie, akakata simu, akaanza kutoa vitu kwenye droo za chini ili kuzipatia nafasi.